Miwani ya michezo ya video: kwa nini kijana anayumba akiivua?



Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana. Ile miwani mikubwa ambayo kijana anajifunga usoni katika nyumba ya michezo, halafu anageuza kichwa huku na huku peke yake kama mtu anayeongea na watu wasioonekana, ni kitu gani? Na kwa nini wengine wakiivua wanayumba, wanatoka jasho, hata wanatapika? Katika sehemu fulani jibu limetolewa kabla swali halijaisha: ni miwani ya pepo, inafungulia mtu ulimwengu wa giza, na mtoto aliyeivaa apelekwe kwenye chumba cha maombi, afunge siku tatu bila kula wala kunywa.

Tunaandika kwa sababu ya zile siku tatu. Mtu mzima akidanganywa juu ya chombo fulani, hasara yake ni ndogo. Lakini mtoto aliyekwisha kutapika akinyimwa maji siku tatu, huyo yuko katika hatari ya kweli. Basi tuanze na chombo chenyewe, tujue kinavyofanya kazi, kisha tutarudi kwa mtoto.

Tuchukue mojawapo ya zile zinazojulikana, PlayStation VR, ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwezi wa 10 mwaka 2016. Haifanyi kazi peke yake. Inaunganishwa kwa waya na konsoli, yaani ile mashine ya michezo ambayo vijana wetu wamezoea kuiunganisha na televizyo. Ndani ya miwani kuna skrini moja ndogo, yenye ukubwa unaokaribia ule wa skrini ya simu. Skrini hiyo imegawanywa sehemu mbili, jicho la kushoto linapewa picha yake na jicho la kuume yake. Picha hizo mbili zinakaribia kufanana, lakini hazifanani kabisa, kwa kuwa macho yetu nayo hayakai mahali pamoja. Jaribu sasa hivi: nyoosha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha ulifungue na kufunga la pili. Kidole kinaruka. Ubongo unatumia tofauti hiyo ndogo kujua kitu kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Miwani inaupa ubongo tofauti ileile, na ubongo unasema: hapa kuna ukuta, kule nyuma kuna mlima. Mbele ya skrini kuna lenzi mbili zinazokuza picha mpaka inajaza karibu macho yote, na kitambaa cha mpira kinazuia mwanga wa nje. Mtu haoni tena chumba alichomo.

Mpaka hapo ni sinema tu. Jambo jipya ni kwamba miwani inajua kichwa kimeelekea wapi. Ndani yake mna vipimo viwili vidogo sana, aina ileile iliyo ndani ya simu yako. Kimoja kinaitwa giroskopu, nacho kinapima mzunguko: umegeuka kulia, umeinama, umelaza kichwa begani. Kingine ni aksilerometa, kinachopima msukumo na kujua upande wa chini uko wapi. Ukilaza simu na picha ikajigeuza yenyewe, ni kipimo hicho kimefanya kazi. Hakuna mtu anayeombea simu yake kwa sababu picha imegeuka.

Vipimo hivi vina udhaifu mmoja. Vinahesabu kidogo kidogo, na makosa madogo yanajumlika, kama mtu anayehesabu hatua zake gizani. Baada ya muda anafikiri yuko mlangoni kumbe yuko dirishani. Ndiyo maana Sony waliweka juu ya miwani ile taa ndogo tisa za buluu, na kamera inayowekwa karibu na televizyo kuzitazama. Kamera ikiona taa zimesogea, mashine inajua kwamba kichwa kimesogea mbele, nyuma au pembeni, na inasahihisha hesabu. Baadhi ya watu wametuambia zile taa ni macho. Hapana. Ni alama za kumwezesha mwenzake aliye mbali kuona, kama taa ya mtumbwi usiku ziwani.

Habari za kichwa zinaingia ndani ya konsoli, konsoli inachora picha upya kwa upande ule ambao mtu ametazama, na picha inarudi kwenye skrini. Kazi hiyo yote inatakiwa kumalizika ndani ya muda mfupi sana, kama sehemu 20 za sekunde iliyokatwa mara 1,000. Ikichelewa zaidi ya hapo mtu anaanza kuhisi kwamba dunia inamfuata kwa kuchelewa, na tumbo linakataa. Skrini ya miwani ile inaweza kubadilisha picha mara 120 kwa kila sekunde.

Kwa hiyo kichwa chenyewe kinageuka kuwa maneti. Mchezaji hahitaji kidole kusema «tazama kushoto». Shingo imekwisha kusema. Michezo mingine inaenda mbali zaidi. Kuna mmoja unaoitwa Headmaster, uliotoka mwaka 2016 pamoja na miwani yenyewe: mipira inarushwa kuelekea uso wako nawe unaipiga kwa kichwa kuelekea golini. Mikono haina kazi. Mtu anayemtazama mchezaji wa mchezo huo kutoka nje anaona kijana aliyefunikwa macho akirusha kichwa kwa nguvu, mbele, pembeni, tena na tena, bila sababu yoyote inayoonekana. Tunakubali kwamba kwa mama aliyekuja kumtafuta mtoto wake na kumkuta hivyo, ni jambo la kutisha. Katika makutaniko yetu tumezoea kuona kichwa kikirushwa hivyo mahali pamoja tu, wakati wa kuombea wenye kusumbuliwa. Macho ya mama yanafananisha na kile alichokwisha kukiona. Lakini kijana huyo anacheza mpira, na akikosa goli anakasirika kama wote.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1968, mwalimu Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza pamoja na wanafunzi wake chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha mistari michache hewani na kufuata mwendo wa kichwa. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa kutoka darini. Wenye michezo walikitamani kwa muda mrefu. Kampuni ya Sega ilitangaza miwani yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaionyesha, lakini haikufika sokoni. Nintendo iliuza Virtual Boy mwaka 1995: picha nyekundu tupu, chombo kimesimama juu ya meza, wala hakikufuata kichwa hata kidogo. Watu waliumwa kichwa, nayo ikaachwa upesi. Ilibidi simu za mkononi zienee duniani ndipo skrini ndogo nzuri na vipimo vidogo vikawa rahisi kupatikana. Mwaka 2012 kijana Mmarekani aitwaye Palmer Luckey alichangisha fedha kwa watu kwa ajili ya miwani ya Oculus, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni yake kwa dola karibu miliardi 2. Ukifuata historia hii unaona wahandisi, wafanyabiashara, fedha nyingi, na vyombo vingi vilivyoshindwa. Ni historia ya wanadamu kabisa.

Sasa kutapika. Ndani ya sikio, mahali pasipoonekana, Mungu ametuwekea chombo cha usawa: mirija mitatu midogo yenye maji, pamoja na vijiwe vidogo mno. Kichwa kikigeuka, maji yale yanabaki nyuma kidogo, na ubongo unapata habari kwamba tumegeuka. Wahandisi wa giroskopu wangefurahi kuwa na chombo kama hicho. Kwa kawaida sikio na jicho vinatoa ushuhuda mmoja. Vikipingana, mwili unachafuka.

Wote waliosafiri kwa boti kati ya Goma na Bukavu wanalijua jambo hili. Aliye chini, ndani, akitazama ukuta na viti, macho yake yanamwambia kwamba ametulia, lakini sikio linasema tunapanda na kushuka. Baada ya saa moja anaomba mfuko. Mwenzake aliye juu nje, akitazama milima ya Idjwi, hana shida, kwa kuwa jicho na sikio vinakubaliana. Miwani ya michezo ni boti iliyopinduliwa. Hapa jicho linasema «tunakimbia, tunaruka, tunaanguka», na sikio linasema «umekaa kwenye kiti cha plastiki». Wengine wanazoea baada ya siku kadhaa, wengine hawazoei kamwe. Wanaochukuliwa vibaya na gari katika njia ya milima mara nyingi ndio hao hao.

Ile miwani ya bei rahisi ya plastiki au karatasi ngumu, ambayo simu inaingizwa ndani yake, inaweza kuchafua mtu zaidi ya ile ya konsoli. Simu inajua kichwa kimegeuka, lakini haina kamera ya pembeni ya kuiambia kwamba kichwa kimesogea mbele. Mtu anainama, na dunia yote inainama pamoja naye. Kwa sisi huku, nadhani hiyo ndiyo itakayoonekana nyingi, maana ile ya Sony iliuzwa dola 399 bila konsoli na bila kamera, na ya pili iliyotoka mwezi wa 2 mwaka 2023 ilianza kwa dola 549.99. Familia nyingi katika parokia zetu hazipati hesabu hiyo kwa mwaka.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko kutapika. Picha zinazowaka na kuzima upesi zinaweza kuamsha kifafa kwa mtu mwenye mwelekeo huo, hata kama hajawahi kuanguka mbele ya siku ile. Tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1997, huko Japani, sehemu moja ya filamu ya watoto ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi, na jioni ileile zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali. Hiyo ilikuwa televizyo ya kawaida, si miwani. Watengenezaji wa michezo wanaandika onyo hilo katika vitabu vyao vya maelezo, na Sony imeandika pia kwamba miwani yake si ya watoto walio chini ya miaka 12. Lakini chombo kikifika kwetu kimekwisha kutumiwa na wengine, kutoka Ulaya au Dubai, kitabu cha maelezo kimepotea njiani. Mwenye nyumba ya michezo hana habari hiyo, naye anampa mtoto wa miaka 8 mwenye faranga mkononi.

Turudi sasa kwa mafundisho. Tumesikia wahubiri wakitumia Luka sura ya 4, pale Shetani anapomwonyesha Yesu milki zote za dunia kwa dakika moja, wakisema: hii ndiyo miwani. Lakini soma mistari yote. Kuona hakukuwa dhambi. Bwana wetu aliona. Jaribu lilikuwa katika sharti lililofuata, la kuanguka na kusujudu, nalo alilikataa. Wengine wanataja mtumishi wa Elisha katika 2 Wafalme sura ya 6, ambaye macho yake yalifunguliwa akaona jeshi la moto mlimani. Wanasema miwani nayo inafungua macho, ila kwa upande wa pili. Tofauti ni kubwa sana. Mtumishi yule alionyeshwa kitu ambacho tayari kilikuwako, na aliyefungua ni Mungu kwa maombi ya nabii. Mwenye miwani anaonyeshwa kitu kilichochorwa na watu walioajiriwa, wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi. Hakuna mlango uliofunguka. Umeme ukikatika, na tunajua unavyokatika, jeshi lote linazimika.

Je, hii ina maana kwamba kila kinachoonyeshwa humo ni chema? Hapana, wala hatusemi hivyo. Mchezo wa Resident Evil 7, uliotoka mwezi wa 1 mwaka 2017, unaweza kuchezwa wote ndani ya miwani ya Sony. Ni mchezo wa kutisha, wa damu na nyumba yenye wauaji. Katika televizyo mtoto anaweza kugeuza uso; ndani ya miwani, akigeuza uso anaona ukuta mwingine wa nyumba ileile. Mtoto wa mkoa wetu ambaye amekimbia risasi kweli, aliyelala porini kweli, hana haja ya kufungiwa ndani ya hofu nyingine kwa faranga mia kadhaa. Hapo mzazi na mchungaji wana neno la kusema, na walisema kwa nguvu. Tunataka tu walielekeze mahali penye ubaya: katika filamu iliyochaguliwa, umri wa mtoto, saa alizokaa, fedha za shule zilizoishia huko. Tukitumia nguvu zetu zote kupigana na plastiki na lenzi, tunamwacha mwenye nyumba ya michezo aendelee kuchagua mchezo apendao.

Tena, kama kuna mtu katika kanisa anayetafuta mahali ambapo chombo hiki kinagusana na uovu, asiende mbali. Ndani ya vyombo vya elektroniki vya namna hii, konsoli nazo zikiwemo, mna vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani. Rubaya, katika Masisi, inajulikana duniani kwa ajili yake. Mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 ilianza kuuzwa, bei ya koltani ilipanda mara nyingi kisha ikaanguka mwaka uliofuata, na wazee wetu wanakumbuka jinsi vijana walivyoacha mashamba na madarasa kukimbilia mashimo. Kuna wandishi wa ng'ambo waliofika hata kuviita vita vyetu vita vya PlayStation. Jina hilo linarahisisha mno. Vita vyetu vina mizizi mingi, na koltani ilihitajiwa na simu na ordinateri pia. Lakini ni kweli kwamba aliyechimba na aliyecheza wameunganishwa na jiwe lilelile, na kwamba mchimbaji hajawahi kuvaa miwani hiyo. Hilo linafaa kuhubiriwa. Amosi angelihubiri.

Basi, mtoto. Sheria ya nchi imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto na kumtuhumu ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inaweka adhabu kwa anayemtuhumu mtoto ulozi: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini. Sheria haitofautishi kati ya baba mzazi, mwombezi na mchungaji. Tunajua kwamba waombezi wetu wengi wanafanya kazi kwa upendo na kwa machozi, na maombi juu ya mtoto mgonjwa hayakatazwi na mtu yeyote. Sisi wenyewe tunaomba. Kinachokatazwa ni kumtangaza mtoto mbele ya watu kuwa na kitu, kumnyima chakula, kumfungia.

Mtoto akivua miwani akawa anayumba, mkalishe chini, au mlaze ubavuni kama anatapika. Mpeleke mahali penye hewa, mwambie atazame kitu kilichotulia mbali, mlima au nyumba ya jirani, mpaka jicho na sikio vipatane. Mpe maji kidogo kidogo. Kwa kawaida inapita ndani ya saa moja au mbili. Asipande pikipiki mbele ya hapo, wala asirudi kwenye mchezo siku ileile. Akianguka na kutetemeka mwili mzima, ondoa vitu vigumu karibu naye, mgeuze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mbebeni mara moja kituo cha afya. Ikiisha mapema pia, apelekwe, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Mchungaji aende pamoja nao, akae na mama kwenye benchi, na mwuguzi aambiwe wazi kwamba mtoto alikuwa amevaa miwani ya mchezo na kwa muda gani.